Kutoka Tumpeco Hadi Gramu

Wanawake wenzangu wanaopika maandazi na keki za kuuza huniuliza mara kwa mara kikombe kimoja cha unga wa ngano kina gramu ngapi, nami huwajibu kwa maswali mawili: kikombe kipi, na aliyechota ni nani? Wengine hudhani ninawaficha siri ya biashara. Sifichi chochote. Miaka niliyokaa jikoni kwangu Kawempe nikiyahamisha mapishi kutoka kwenye vikombe kwenda kwenye mizani imenionyesha kwamba ugumu wa kazi hii hauko kwenye hesabu, kwani hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu, ya darasa la tatu. Ugumu uko kwenye mkono wa mtu aliyelitunga pishi, kwa sababu mkono huo ndio ulioamua kikombe kijae kiasi gani na unga ushindiliwe au uachwe mwepesi, na mara nyingi mwenye mkono huo hakuona haja ya kuyaandika hayo.

Mizani niliinunua kwa shinikizo la biashara, wala si kwa kupenda usahihi. Wenye maduka walianza kutaka pakiti iliyoandikwa uzito, kama taratibu za bidhaa zilizofungashwa zinavyodai na kama wakaguzi wa shirika la viwango la Uganda, UNBS, wanavyotazamia kuona, na haiwezekani kuahidi uzito wa pakiti ikiwa donge la leo limetoka tofauti na donge la jana. Aidha, nilikuwa nimeajiri wasichana wa kunisaidia, na kila mmoja alichota unga kwa namna aliyofundishwa kwao. Kuwaambia wote wachote kama mimi kulikuwa kuwasumbua bure. Kuwapa namba ya kuifikisha kwenye mizani kulikuwa rahisi zaidi.

Mapishi yangu mengi nimeyarithi kwa mama mkwe, ambaye ni mtu wa Bombo na amepika kwenye harusi na mazishi tangu ujana wake. Vipimo vyake ni vile vya nyumba nyingi za Uganda: tumpeco, yaani kile kikombe cha plastiki chenye mkono ambacho hujaa nusu lita na ambacho sokoni hupimia maharage, karanga na dagaa; kijiko cha chai; kiganja; na macho. Nilipomwuliza maji ya maandazi ni kiasi gani, alinijibu, "Mwanangu, maji ni kadiri, mpaka unga uache mkono." Jibu hilo ni sahihi kabisa kwa mtu ambaye tayari anajua unga uliokandwa vizuri unavyoachia vidole. Kwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyeanza kazi Jumatatu, halimsaidii.

Kwa hiyo nilimwomba apike kama kawaida yake, nami nikae pembeni na mizani. Sikumwambia achote kwa uangalifu, wala sikumpa kikombe changu, kwa kuwa nilichotaka kupima ni mkono wake. Kila tumpeco aliyoichota niliimimina kwenye bakuli lililokuwa juu ya mizani kabla haijaingia kwenye sinia lake la kukandia, na birika la maji nililipima kabla hajaanza na baada ya kumaliza, ili tofauti iniambie alichotumia. Mama huchovya tumpeco moja kwa moja ndani ya gunia, akaitikisa mara moja, na akaiacha na kilima kidogo juu. Tumpeco yake ya unga wa ngano ilizunguka gramu 320. Yangu mimi, nikichekecha unga kwanza, nikaupakua kwa kijiko hadi ukingoni na kuufuta kwa kisu, huwa karibu na 260. Kikombe ni kilekile na unga ni uleule.

Wazee wa pwani waliopima nafaka kwa kibaba na pishi, vipimo vya ujazo vya zamani (pishi hili si la kupika), walilijua jambo hili zamani, ndiyo maana walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichokatwa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka kikashindwa kubeba zaidi. Sokoni Kalerwe tofauti hiyo bado ipo, maana mnunuzi wa karanga hategemei kupewa mfuto, na muuzaji asiyetoa nyongeza hupoteza wateja. Nami nimeyachukua maneno hayo mawili jikoni kwangu: kila kipimo kwenye daftari langu kimeandikwa kama ni mfuto au tele, na pembeni nimeongeza jambo ambalo kibaba hakikulisema, yaani kama kitu kilichovywa, kilipakuliwa kwa kijiko, au kilichekechwa.

Tuitazame hesabu ya maandazi ya mama. Hutumia tumpeco nne za unga, na maji yaliyochanganywa na maziwa ambayo mizani yangu ilionyesha kuwa gramu 660 hivi. Kwa mkono wake, unga ni gramu 1,280, na majimaji ni kama asilimia 52 ya uzito wa unga, jambo linalotoa donge gumu kiasi linalosukumika bila kunata. Mtu akichukua pishi hilohilo na kuandika gramu 260 kwa kila tumpeco kwa sababu ndivyo kipimo chepesi kinavyosema, atapata unga wa gramu 1,040 na majimaji ya asilimia 63, nalo donge litang'ang'ania ubao na kijiti cha kusukumia. Upungufu ni gramu 240, karibu tumpeco nzima, na haukutokana na kosa lolote la kuzidisha.

Kwa vitu vinavyotiririka sawasawa mkono hauna nguvu kubwa. Maji ndiyo rahisi kuliko vyote, kwa kuwa mililita moja ni gramu moja kwa matumizi ya jikoni, na tumpeco ya maji ni gramu 500. Maziwa huzidi kidogo sana, mafuta ya kula huelea juu ya maji kwa sababu ni mepesi, kiasi cha gramu 460 kwa tumpeco, na asali ni nzito mno, ikikaribia gramu 700 kwa nusu lita ileile. Sukari nyeupe ya chembechembe nayo haishindiliki sana, kwa hiyo mimi na mama hatutofautiani nayo kwa kiasi cha kutia wasiwasi: gramu 420 hivi ikiwa ni mfuto. Mchele na maharage huangukia karibu na 400. Sukari ya kahawia yenye unyevu ni mtihani mwingine, maana ikibanwa kwa vidole hubeba uzito mwingi kuliko ikimwagwa. Unga wa kila aina ndio wenye matata, kwa sababu una hewa katikati ya chembe zake na hewa hiyo hutoka ukiutikisa.

Nilipoanza kupika keki kwa maelekezo ya kigeni nilikutana na tabaka la pili la tatizo, kwani huko hata kikombe chenyewe hakilingani. Kikombe cha Marekani ni mililita 237 kasoro kidogo. Kile cha nchi zilizohamia vipimo vya metriki, kama Australia, ni 250. Uingereza ya zamani ilihesabu nusu painti yake, ambayo ni 284. Na Wajapani hutumia cha 200. Kijiko cha mezani kwa wengi ni mililita 15, ila Waaustralia wana chao cha 20, na anayetumia bekin pauda kwa kijiko hicho bila kujua huongeza theluthi nzima. Kwa hiyo kabla sijagusa kikokotoo huangalia kwanza pishi limetoka nchi gani. Mara nyingi aina ya joto la tanuri hunidokezea, kwa kuwa Wamarekani huandika Farenhaiti na wengine wengi huandika Selsiasi.

Mwaka 1896 Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi wa Boston, alisisitiza kwamba kikombe na kijiko vifutwe sawa kwa kisu, na desturi hiyo ikaenea Marekani nzima. Alimaliza tatizo la kilima juu ya kikombe. Hakumaliza la kilichomo ndani, kwa sababu kikombe cha Marekani kilichofutwa sawa kinaweza kuwa na gramu 120 za unga uliopakuliwa taratibu kwa kijiko, au 145 hadi 150 za unga uliochovywa gunini, na vyote viwili ukivitazama kwa juu ni tambarare. Ndiyo maana majedwali yanayotoa namba tofauti yanaweza yote kuwa ya kweli. Kila moja linaeleza mkono wa aliyelitengeneza.

Basi unaujuaje mkono wa mtu usiyemwona? Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na nakiri napafurahia kuliko upishi wenyewe. Kwanza husoma maneno kwa makini. Pishi likisema vikombe viwili vya unga uliochekechwa, maana yake unachekecha kwanza kisha unapima, nawe unapata unga mwepesi. Likisema vikombe viwili vya unga, kisha uchekeche, unapima kwanza unga mzito wa gunini halafu ndipo unachekecha. Tofauti ya sentensi hizo mbili inaweza kufika gramu 30 kwa kila kikombe, na watu huipita kama mapambo. Pili, hutafuta mahali popote mwandishi alipotaja uzito wa kitu kingine, hata siagi, kwa kuwa akishataja gramu mara moja kuna uwezekano kwamba mwenyewe ana mizani na vikombe vyake ni vya mfuto mwepesi.

Tatu, na hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi, hupima uwiano. Chukua mkate wenye vikombe vitatu vya unga na kikombe kimoja cha maji, vyote vya Marekani. Ukihesabu unga kwa gramu 120 unapata 360, na maji yanakuwa asilimia 66 ya unga. Ukihesabu kwa 150 unapata 450, na maji yanashuka hadi asilimia 53. Hayo ni madonge mawili yasiyofanana hata kidogo. Mwandishi akieleza kwamba donge litakuwa laini na linanata kidogo mkononi, basi mkono wake ni mwepesi, naandika 120. Akisema donge ni imara na likandwe kwa nguvu, mkono wake ni mzito, naandika 150. Keki nazo zina uwiano wake. Keki ya ratili, ambayo asili yake ni ratili moja ya unga, moja ya sukari, moja ya siagi na moja ya mayai, hunisaidia kukagua jamaa zake wote: ikiwa pishi lina kikombe cha siagi chenye gramu 227, kikombe cha sukari chenye 200, mayai manne ya gramu 50 bila maganda, na vikombe viwili vya unga, basi unga wa gramu 240 unakaa pamoja na wenzake, ilhali wa 300 unajitenga na utaifanya keki kuwa kavu.

Majedwali ya nje hayafiki kwenye vyakula vyetu vingi. Sijaona linalonieleza tumpeco ya unga wa muhogo uliosagwa Kisenyi ina uzito gani, na hata lingekuwepo lisingenifaa kwa muda mrefu, kwa sababu mashine moja husaga laini na nyingine huacha chenga, na unga wa mtama au wa ulezi hubadilika kutoka kwa msagaji mmoja hadi mwingine. Kwa unga wa aina hii hupima kila nikifungua gunia jipya. Siagi ya karanga huganda kwenye kikombe na huacha sehemu yake ukutani, hivyo nimeacha kabisa kuipima kwa ujazo. Huweka bakuli kwenye mizani, narudisha sifuri, nachota mpaka namba ifike. Kwa kabalagala, ambazo ni ndizi ndogo tamu zilizoiva sana zikapondwa na kuchanganywa na unga wa muhogo, kuhesabu ndizi ni kujidanganya, kwani mkungu mmoja una ndizi za ukubwa wa kidole gumba na nyingine za mara mbili yake. Humenya, huponda, hupima, kisha unga hufuata uzito wa ndizi. Mayai pia: ya kuku wa kienyeji yanaweza kuwa gramu 40 bila ganda wakati yale ya trei ya kuku wa mayai hukaribia 50, na kwenye keki inayotaka mayai kumi tofauti hiyo ni mayai mawili.

Wapo waliovutiwa na mizani hata wakatupa vijiko vyote, nao siwaungi mkono. Kijiko cha chai cha hamira ya chembechembe ni kama gramu tatu. Mizani ya kawaida ya jikoni husoma gramu moja moja, na inaweza kukosea kwa gramu nzima upande wowote, kwa hiyo kwenye gramu tatu unaweza kuwa umekosea theluthi ukidhani umekuwa msahihi. Mizani nyingi pia hazitambui kitu kinachoongezwa kidogo kidogo. Unanyunyiza hamira na namba haisogei, kisha inaruka ghafla. Kwa hamira, magadi soda, bekin pauda, iliki na mdalasini, kijiko kilichofutwa sawa kinashinda mizani ya namna hiyo mpaka utakapopika kwa wingi. Chumvi iko katikati. Chumvi laini ya pakiti ni gramu sita hivi kwa kijiko cha chai, lakini ile ya chenga kubwa huacha nafasi nyingi kati ya chenga na uzito wake hupungua sana, kwa hiyo pishi likitaja chumvi ya chenga nami nina laini, napima au napunguza.

Kuhusu kifaa chenyewe nina machache ya kusema. Kiwekwe mahali tambarare, betri ikidhoofika ibadilishwe kabla namba hazijaanza kuyumba, na kabla ya kununua ulizia kinachukua muda gani kabla ya kujizima, maana kuna mizani inayozimika ukiwa umegeuka kutafuta mwiko na kukupotezea hesabu ya kila ulichokwisha kumimina. Kukihakiki si kazi: pima chupa tupu, itie nusu lita ya maji kwa kipimo unachokiamini, upime tena, na tofauti iwe karibu na 500. Usidhani mizani ya jikoni inafaa kuuzia. Ya kuuzia ni ile iliyohakikiwa na UNBS.

Nilipokwisha kuwa na gramu, niliyapanga mapishi yangu yote kwa asilimia za unga, kama waoka mikate wafanyavyo: unga huwa 100, maji hesabu yake, sukari hesabu yake, chumvi kwa mkate karibu 2. Oda ya kilo tano na oda ya kilo ishirini zinatoka kwenye mstari mmoja. Hata hivyo maji niliyaachia nafasi. Unga hubeba unyevu wake wenyewe, kwa kawaida asilimia 12 hadi 14 ya uzito, nao hubadilika kutegemea gunia lilivyohifadhiwa, hasa miezi ya mvua ghala linapokuwa na unyevunyevu. Gramu 1,000 za unga wenye unyevu kidogo zina maji ndani yake ambayo mizani inayahesabu kama unga. Kwa sababu hiyo wasichana wangu hupima maji yote lakini hubakiza kikombe kidogo pembeni, wakamalizia kwa mkono, mpaka unga uache mkono. Mama alipoliona hilo alicheka na kuniuliza mizani nilinunua ya nini.

Kuna pia safari ya kurudi. Wifi yangu wa Arua hana mizani wala hataki, na alipoomba pishi la keki ya ndizi sikuweza kumtumia gramu tupu. Nilimwomba kwanza anieleze anavyochota unga, akasema anachovya, anagonga tumpeco mezani na kuikata kwa kiganja. Kugonga hushindilia unga kuliko kutikisa kwa mama, lakini kiganja huondoa kilima, kwa hiyo nilichota kwa namna yake jikoni kwangu mara kadhaa na kupata karibu gramu 310. Pishi langu linataka 460, ambayo kwake ni tumpeco moja na nusu. Hivyo ndivyo nilivyomwandikia: unga tumpeco moja na nusu, ugonge kama kawaida yako, sukari nusu tumpeco ya mfuto, ndizi zilizopondwa tumpeco moja, usiache mapengo ya hewa, mafuta theluthi moja ya tumpeco, mayai matatu ya trei, au manne ukitumia ya kienyeji, bekin pauda vijiko vitatu vya chai vya kufuta. Chini nikaongeza kwamba akibadilisha tumpeco aniambie.